Tangi jipya la samaki kwenye baridi ya Mbeya: nilivyolikomaza kabla ya kuweka samaki

Hapa Mbeya nimeona matangi mengi ya samaki wa mapambo yakianza kwa mtindo uleule. Kioo kinanunuliwa asubuhi, mchana kinajazwa maji, jioni samaki wako ndani, na wiki haijaisha wanaanza kuelea mmoja mmoja. Lawama anabebeshwa muuza samaki, au baridi. Baridi ina sehemu yake na nitaieleza, lakini muuaji mkubwa ni amonia.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza kinaiongeza. Ziwani na mtoni wapo bakteria wa kuishughulikia. Kwenye kioo kipya hawapo. Kundi la kwanza la bakteria hao huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu: huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, samaki akabaki kuhema juu juu ilhali hewa majini ipo. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Makundi yote mawili yakishaota kwenye sponji ya filta na kwenye kokoto, tangi limekomaa.

Wapo wanaoweka samaki wa bei rahisi watangulie kuzalisha amonia, wakifa wanaletwa wengine. Mimi hilo silikubali. Samaki anaungua matamvua kwa wiki nzima kwa kazi ambayo kipande cha dagaa kinaiweza.

Tangi langu ni la lita 80, limetengenezwa na fundi vioo wa Mwanjelwa. Maji ya bomba niliyalaza kwenye ndoo, pampu ya hewa ikipuliza usiku kucha ili klorini itoke, maana klorini inaua bakteria haohao ninaowatafuta. Kisha nikawatafutia chakula. Huku kwetu usipa wakavu, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, wanapanda kutoka Kyela kila mara, nikachagua wasiotiwa chumvi, nikafunga wachache kwenye kipande cha chandarua na kuwatumbukiza. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, na harufu ikaja. Hao ni bakteria waozeshaji tu, weupe wao huondoka wenyewe. Niliyaacha maji yalivyo, nikaanza kupima.

Kipimo cha matone ndicho kitu ambacho nisingekubali kukikosa. Unachota maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unasubiri dakika tano, halafu unalinganisha rangi na kadi. Cha kwangu kikibaki njano amonia hakuna. Kadiri kijani kinavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Nililenga miligramu 2 kwa lita. Ikielekea 5 na kupita nilikuwa napunguza usipa, kwa sababu amonia ikizidi sana inawadumaza hata bakteria wenyewe.

Sasa baridi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Maelekezo mengi yanasema tangi hukomaa kwa wiki nne hadi sita, lakini yanahesabu maji ya nyuzi 25 na kuendelea. Bakteria hawa kwenye maji ya nyuzi 16 au 17 hawafi, ila wanazaliana kwa kujikokota mno. Kwa hiyo hita niliiwasha kabla ya kuwaza samaki, na nikanunua yenye nguvu: wati 2 kwa kila lita, wakati kule pwani wati 1 inatosha na kubaki. Nyuma na pembeni nikabandika vipande vya boksi jeupe la kuhifadhia barafu, juu nikafunika kwa kioo, na maji yakatulia kwenye nyuzi 27.

Mwinuko una jambo jingine. Kanieneo ya hewa huku juu ni ndogo, kwa hiyo maji hubeba oksijeni pungufu kuliko maji ya joto hilohilo Dar es Salaam, na bakteria hawa wanaitumia sana. Umeme ukikatika sponji iliyosimama huanza kukosa hewa ndani ya saa chache. Nimeiunganisha pampu ya hewa na betri ya sola. Hita inaweza kusubiri, hewa haisubiri.

Amonia ilianza kushuka, naitraiti ikapanda, kichupa cha kupimia naitraiti kikawa zambarau, na zambarau ile ikagoma kuondoka. Watoto wa jirani walikuwa wakipita kuchungulia kioo kitupu: "Mjomba, samaki wanakuja lini?" Nikapima pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambacho kadiri kinavyoshuka chini ya 7 ndivyo asidi inavyozidi, nikakuta imeshuka hadi 6. Bakteria hawa wakifanya kazi huyatia maji asidi, na maji yasiyo na chokaa hayana cha kuizuia. pH ikifika hapo kazi inakaribia kusimama. Dawa yake tunayo karibu, kwani mawe ya chokaa ya Songwe ndiyo yanayosagwa kuwa saruji. Nilipata vipande, nikadondoshea kimoja siki, kikatoa povu kwa mlio mdogo, ndiyo alama ya chokaa halisi. Nikaviponda, nikaviosha, nikavitia kwenye soksi safi karibu na filta. pH ikarudi juu ya 7, na taratibu zambarau ikafifia ikawa bluu nyepesi, yaani naitraiti imekwisha.

Kabla ya kuita samaki nilifanya jaribio la mwisho: amonia ifike 2, na baada ya saa 24 yenyewe na naitraiti zote zisome sifuri. Ilipofaulu nikawatoa usipa, nikabadilisha sehemu kubwa ya maji kushusha naitreti, na kesho yake nikachukua gapi wachache, samaki wadogo wa mapambo, kwa mfugaji wa hapa mjini. Gapi wanapenda maji yenye chokaa, kwa hiyo soksi imebaki. Mfuko niliuelesha juu ya maji hadi joto likalingana, nikaongeza maji ya tangi kidogo kidogo, nikawahamisha kwa wavu. Chakula nilitoa kidogo na kupima kila jioni. Amonia haikuonekana, ndipo nikaongeza wengine. Hajafa hata mmoja.

Sponji naisuuza kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si bombani. Na sasa nimeweka sponji ya pili kando ya ile ya kwanza, ya rafiki yangu wa Uyole anayejenga tangi lake. Ataibeba ikiwa imelowa, ndani ya maji ya tangi hili, na kuifunga siku hiyohiyo.