Harusi za washkaji: jinsi nilivyoiingiza kamera kwenye daftari la michango

Mimi sio fotografa wa kulipwa jamani, nina Canon ya mtumba na lensi moja ya 50mm f/1.8 basi. Ila hapa Dodoma ukishaposti picha mbili tatu kali za jua linazama nyuma ya mawe umeshajulikana, kila mshkaji anayeoa "kaka na yetu si utatupigia?" na wakati huohuo kwenye grupu la kamati ushawekewa mchango kama wengine. Tena tangu SGR ianze 2024 hata wa Moro wananiambia panda treni tu uje.

Kukataa siwezi, ni watu wangu. Nilichofanya nilimfuata mweka hazina nikamwambia aandike kabisa kwenye daftari, jina langu, ahadi ni picha, thamani laki tatu, kuanzia bibi harusi anavyovalishwa mpaka picha za nje. Ukumbini simo. Aisee kikishaandikwa kwa hela watu wanakiheshimu, mwenyekiti mwenyewe ndo akasimama kusema ukumbini tutafute mtu mwingine.

Na ukumbini sikatai kwa maringo, zile taa za LED za zambarau zinafanya sura za watu ziwe kama wamekabwa, inabidi uwe na flashi ya maana na dari nyeupe ya kuipigia ili mwanga urudi chini kwa watu, sasa dari yenyewe imefunikwa vitambaa vya mapambo. Halafu na mimi nataka kula pilau na kwenda kutoa zawadi na wenzangu.

Kanisani naenda siku ya mazoezi, namuuliza mchungaji nisimame wapi na kama flashi anaruhusu. Akikataa napandisha ISO, ile setingi ya kamera kuona kwenye giza, mpaka 3200, chenga zitakuwepo lakini pete itaonekana. Picha za nje naziweka saa kumi na moja kwenda mbele, jua letu la saa nane linachimba mashimo ya macho, na miezi ya Julai na Agosti ule upepo mwacheni uichezee shela, ni picha ya bure hiyo, ila usithubutu kubadilisha lensi hapo maana vumbi lote litahamia kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Memori kadi yenye picha za kanisani naichomoa naiweka mfukoni, nje naanza na nyingine.

Baada ya wiki nawapa maharusi flashi diski. Mashangazi wakinipigia wanataka zao, nawaelekeza kwa bibi harusi.