Valvu za 6973 zimenitoa jasho

Jamani hii ampu yangu ya gitaa ya zamani, Supro ya miaka ya 60 inayotumia valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), imenisumbua wiki nzima. Ilianza na mlio kama mtu anakaanga samaki, halafu sauti ikawa inazama kila nikipiga kodi kwa nguvu. Nikafungua nyuma nikakuta valvu moja ya pawa, yaani zile za mwisho zinazosukuma spika, kile kibati cha ndani kinawaka chekundu, nikazima fasta.

Sasa shida ni kwamba kwenye pawa inatumia valvu za aina ya 6973, na hizo sio kama valvu ya 12AX7 ambayo ukikosa unachukua ECC83 maana ni kitu kilekile jina tofauti tu. Kuna mtu akaniambia we chomeka EL84, valvu nyingine ya pawa, si zote zina miguu tisa? Eti! Miguu tisa sawa, inaingia kabisa kwenye soketi, lakini waya hazijapangwa vile, na EL84 mwisho wake kama volti 300 wakati 6973 inafika 440, utaiua siku hiyohiyo.

Bahati nzuri 6973 mpya zinatengenezwa. Nikachukua mbili zilizopimwa zikafanana, ila kabla ya kuzichomeka nikabadilisha kapasita ya kaplingi (inayopitisha sauti kwenda kwenye valvu na kuzuia umeme wa DC) iliyokuwa inavujisha umeme kwenye gridi, sehemu ya valvu inayopokea sauti, maana hiyo ndo ilikuwa inazichoma. Na usiguse ndani kabla hujazitoa umeme kapasita za filta, zile kubwa zinazohifadhi umeme, hata ukichomoa plagi zinabaki na moto, mkono wangu wa kushoto unajua. Saa hizi inapiga vizuri, mlio bado kidogo ila nimeuzoea.