Daraja la pili la soka la Ukraine halikuwa ndondo

Juzi hapa Wrocław, Poland, Mtanzania mwenzetu alimcheka mzee mmoja wa Chernivtsi, mji wa Ukraine, aliyejisifia kwamba mwaka 1982 klabu yao ya Bukovyna ilikuwa bingwa wa Ukraine. "Bingwa gani, hiyo si ndondo tu?" Mzee wa watu akanyamaza. Imeniuma, acha niwaeleze.

Enzi za Umoja wa Kisovieti, Dynamo Kyiv na Shakhtar Donetsk walikuwa ligi kuu ya Umoja mzima. Chini yake daraja la kwanza, kisha daraja la pili lililogawanywa kikanda. Mwaka huo kanda ya 6 ndiyo ilikuwa ya Ukraine, na aliyeiongoza akawa bingwa wa jamhuri. Kutoka Uzhhorod hadi Voroshilovgrad, Luhansk ya leo, ni zaidi ya kilomita 1,200. Aliyepanda basi la Dar hadi Mwanza na kesho yake akatakiwa kukimbia dakika 90 ataelewa.

Timu zilikuwa za viwanda, migodi na jeshi. Sudnobudivnyk ya Mykolaiv maana yake ni mjenzi wa meli. Kwenye karatasi mchezaji alikuwa fundi wa kiwanda, na mshahara ulitoka hukohuko, lakini kazi yake ilikuwa mpira. Walioishangilia Pamba au Reli ya Morogoro hawahitaji maelezo. SKA za jeshi zilipata vijana bure kwa sababu kila kijana wa miaka 18 alidaiwa miaka miwili ya utumishi. SKA Kyiv ilitwaa kanda mwaka 1983. Tatizo ni kwamba miaka miwili ikiisha kijana anarudi klabuni kwake, nawe unaanza kusuka timu upya.

Kanda ya timu 24 ni mechi 46, zote kati ya theluji ya mwanzo wa mwaka na ya mwisho wake. Ushindi ulikuwa pointi 2, sare 1. Piga hesabu: kushinda moja na kufungwa moja ni sawa na sare mbili. Ndiyo maana ugenini timu zilijaza mabeki na kushukuru kwa 0-0.

Ukishakuwa bingwa, hujapanda bado. Mabingwa wa kanda 9 waligawanywa makundi matatu ya timu tatutatu. Kila timu mechi 4, anapanda wa kwanza tu. Miezi yote ile inaamuliwa na mechi 4! Bukovyna ilikwama hapo 1982, Nyva Vinnytsia 1984, Tavriya Simferopol 1985. Zorya ya Voroshilovgrad, bingwa wa Umoja mzima mwaka 1972, nayo ilishuka hadi shimo hilo na kutoka 1986.

Na vipaji vilikuwepo. Makocha Yemets na Zhyzdyk walitoka kuiongoza Kolos ya mji mdogo wa Nikopol, wakaipa klabu ya Dnipro ubingwa wa Umoja mwaka 1983.

Wadogo zangu mnaotaka kuja kucheza madaraja ya chini huku: siku hizi hakuna kiwanda cha kukuandika ufundi. Kabla ya tiketi, uliza mkataba umesainiwa na klabu au na wakala, na nani analipa kodi ya nyumba ligi ikisimama kwa baridi. Wakala akitaka hela kwanza, achana naye.

Bukovyna ilitwaa kanda tena 1988, ikakwama tena. Ilipanda mwishoni mwa 1990, ikacheza daraja la kwanza msimu wa 1991, na mwaka huohuo Umoja wenyewe ukavunjika.