Nilivyowakutanisha kipanga na askari katika picha moja

Ushauri niliopewa mara nyingi zaidi tangu nianze kuchora kwa rangi za mafuta ni kwamba nichague moja: ama niwe mchoraji wa wanyamapori, ama niwe mchoraji wa historia ya kijeshi, kwa kuwa mnunuzi wa picha ya chui hataki mahandaki ukutani kwake, na mpenzi wa mahandaki hana haja na chui. Walionishauri hivyo walikuwa na nia njema, lakini hawakujua kwamba mambo hayo mawili yalikwisha kukutanishwa zamani, tena na wachoraji wenyewe.

Aliyenifungulia njia ni Abbott Thayer, mchoraji wa Marekani, ambaye mwaka 1896 alieleza kwa nini wanyama wengi wana mgongo uliokoza na tumbo jeupe. Mwanga hutoka juu, kwa hiyo kitu cha mviringo hung'aa upande wa juu na kubeba kivuli upande wa chini, na tofauti hiyo ndiyo inayoliambia jicho kuwa pale pana kitu chenye umbo. Rangi ya mnyama ikipangwa kinyume cha mwanga, tofauti hufutika, mwili huonekana bapa, na mara nyingi hauonekani kabisa. Baadaye Thayer alitia chumvi, akadai hata wekundu wa flamingo unamficha jua linapochomoza na linapotua, na Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, akamshambulia hadharani. Hata hivyo msingi wa hoja yake ulisimama.

Sikutaka kumwamini kwa maneno matupu, hivyo nilirudia jaribio lake la viazi vitamu, ambalo kwangu lina faida kuliko vitabu vingi vya nadharia ya mwanga. Nilitunga viazi vitatu kwenye waya ulionyooshwa karibu na ardhi, nikavipaka gundi na kuvinyunyizia udongo mkavu wa mahali palepale. Viwili vya pembeni nikavipaka weupe upande wa chini, nikiufifisha kidogo kidogo kuelekea ubavuni, lakini cha katikati nikakiacha na udongo wake. Kisha nikarudi nyuma. Kiazi cha katikati, ambacho kwa rangi kilifanana na ardhi kuliko wenzake na kwa hiyo kilistahili kujificha kuliko wote, kilikuwa kinaonekana waziwazi, na wale wenzake waliopakwa rangi walitoweka kiasi kwamba nilirudi kuhakikisha kuwa havijaanguka. Nilicheka peke yangu kwa muda mrefu. Gharama ya mchezo wote haikufikia bei ya tyubu moja ya rangi nyeupe iliyo nzuri. Anayetaka kujaribu asitumie nyeupe tupu, bali aichanganye na rangi ya ardhi, na asipige picha kwa flashi, kwa maana flashi hubadili upande wa mwanga na kuharibu kila kitu.

Kutoka hapo hadi vitani ni hatua fupi. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Ufaransa liliunda kitengo cha wafichaji, kikiongozwa na mchoraji Lucien-Victor Guirand de Scévola, na nembo yake ilikuwa kinyonga. Franz Marc, mchoraji Mjerumani aliyesifika kwa picha zake za farasi wa buluu, alipaka rangi maturubai ya kufunikia mizinga ili marubani wasiione, muda mfupi kabla ya kuuawa karibu na Verdun, Ufaransa, mwezi Machi 1916. Lakini kilichonishika zaidi ni miti ya bandia. Wachoraji walichora kwa makini mti uliokufa uliosimama mbele ya mahandaki, wakatengeneza mwingine wa chuma unaofanana nao, wenye uwazi ndani na magome ya kubandika, kisha usiku ule mti halisi ukang'olewa na wa bandia ukasimikwa mahali pake, askari akiwa amejibanza ndani kumchungulia adui.

Niliamua kuchora mti wa namna hiyo, na kipanga ametua juu yake bila kujua kuwa chini ya kucha zake mna mtu. Kazi ya kwanza niliifanya kwa utiifu mkubwa kwa kanuni ya Thayer: mgongo wa kahawia iliyokoza, kifua kilichopauka, mwanga wa mawingu kutoka juu, na nyuma yake tope lenye rangi hizohizo. Kila niliyemwonyesha alisifu mti, kisha akauliza ndege yuko wapi. Mmoja alikaa mbele ya picha hadi chai yake ikapoa, akanionyesha kwa furaha doa la tope kwenye pembe ya chini. Kwa upande wa sayansi nilikuwa nimeshinda; kwa upande wa picha nilikuwa na kisiki.

Wakanishauri nimwekee kipanga mstari mweusi kandokando, ushauri ambao ungemfanya aonekane kama amekatwa kwenye gazeti. Nikakumbuka viazi. Kama kanuni yote inategemea mwanga wa juu, basi kinachotakiwa ni kuubadilisha mwanga, ndege aachwe alivyo. Nikaigeuza saa kuwa usiku, nikachora fataki ya kumulikia iliyokwisha kuanguka na ingali inawaka topeni. Mwanga ulipotoka chini, kifua kilichokuwa kikimficha kipanga kikawaka chenyewe, na mgongo wake ukazama gizani. Zawadi ambayo sikuitarajia ni kwamba mwanga uleule ulipenya ukingoni mwa magome ya bandia, ukaonyesha upenyo mwembamba wa kuchungulia.

Wapo walioniambia niongeze pia milia kama ya pundamilia, wakikumbuka milia ya meli za kivita aliyoibuni mchoraji Norman Wilkinson mwaka 1917. Milia ile haikukusudiwa kuificha meli, bali kumchanganya nahodha wa nyambizi akosee kukadiria mwelekeo wake. Mti hauendi popote.

Aliyeinunua picha ni mpenzi wa ndege, mtu ambaye kwa mujibu wa washauri wangu asingeigusa. Tulikuwa tumekwisha kuelewana bei nilipomwonyesha ule upenyo, naye akaongeza kidogo bila kuombwa.