Bamvua, Maji Mafu na Daftari Langu

Asubuhi ya leo, karibu saa nne, nilikuwa kivukoni Likoni, hapa Mombasa, nikisubiri feri, na maji yalikuwa yamepwa mno hata mteremko wa kuingilia ulionekana mrefu kuliko kawaida. Nikajikuta nahesabu siku za mwezi kwa vidole. Wiki tatu zilizopita nisingehesabu, kwa kuwa sikujua kwamba kuna la kuhesabiwa.

Wakati huo nilikuwa katika wiki yangu ya pili ya mazoezi ya kufundisha, Gredi ya 5, somo la Kiswahili. Tulikuwa tukisoma kifungu cha ufahamu kuhusu bahari, nami, kwa kutaka kukichangamsha, nikaongeza kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mvuto wa mwezi. Mvulana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, akainua mkono: "Mwalimu, mwezi si uko siku zote? Basi mbona kuna siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu?" Nilimjibu kwamba ni upepo. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye hakika, nikaendelea na maswali ya ufahamu, na kijana akaketi. Hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba mtoto aliyelelewa ufuoni alikubali kuliweka kando alijualo kwa sababu tu mimi ndiye niliyeshika chaki.

Mwishoni mwa maandalio ya somo kuna nafasi ndogo ya tafakari, ambamo mwalimu huandika somo lilivyokwenda. Niliandika: "Somo lilifaulu." Wenzangu wengi chuoni huandika maneno hayo hayo, na nadhani nafasi yenyewe, kwa udogo wake na kwa kuwa husomwa na msimamizi anayetoa alama, haimwaliki mtu kusema kweli. Usiku ule nilinunua daftari la kurasa 96 dukani, nikaandika ukurasa wa kwanza niliyoyafanya, bila kuyapamba.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa ami yangu, ambaye amevua samaki tangu ujana wake na hakupita darasa la nne. Nilimwamkia, nikakaa barazani, nikamweleza swali. Hakucheka wala hakunilaumu. Alinyoosha vidole akaanza kuhesabu kuanzia mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi kuandama: bamvua huja mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, siku moja au mbili baadaye; baina ya hizo ni maji mafu, wakati mwezi ni nusu. Akaniambia pia kwamba huku kwetu, siku za bamvua, maji hupwa sana mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na kwamba kila siku mpya huchelewa kidogo. Nilipofika nyumbani nikasoma sababu zake. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni nyakati ambazo jua, mwezi na dunia huwa karibu katika mstari mmoja, hivyo jua na mwezi husaidiana kuyavuta maji; mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupungua. Nguvu ya jua katika jambo hili haifiki nusu ya ile ya mwezi, licha ya ukubwa wake, kwa kuwa liko mbali mno. Na ule uchelewaji alioutaja ami ni wa takribani dakika 50 kwa siku. Hapakuwa na neno lake hata moja lililopingana na kitabu.

Mtaala wa umilisi unataja umilisi wa kimsingi saba, na mmoja wao ni kujifunza jinsi ya kujifunza. Niliukariri kwa ajili ya mtihani, nikidhani ni wa wanafunzi. Mwalimu anayenilea shuleni alianza kazi chini ya mfumo wa zamani wa elimu, wa 8-4-4, na mtaala huu ulipoingia madarasani mwaka 2019 alianza upya pamoja na vijana. Sasa anakaribia miaka 60 ya kustaafu, na bado huniuliza namna ya kutumia kishikwambi mbele ya darasa zima, bila haya yoyote.

Nimekumbuka pia jina nililolipita haraka chuoni. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, zimetufikia kwa sababu mwanachuoni wa mji huu alimsaidia mmisionari William Taylor kuzikusanya na kuzieleza. Mwanachuoni huyo aliitwa Mwalimu Sikujua. Nimeliandika jina hilo kwenye jalada la daftari langu, na naliona zuri sana kwa mwalimu.

Jumatatu iliyofuata nililiambia darasa kwamba nilijibu vibaya, na kwamba aliyeuliza alikuwa na haki ya kuuliza. Kisha nikamwomba mvulana yule aje mbele atuhesabie. Alisimama, akanyoosha vidole vile vile kama ami, akaanza: "Mwezi mosi, mwezi pili, mwezi tatu..." Nami nilikuwa nimeketi kwenye dawati lake, nikiandika.