Familia ikae wapi kwenye boti ya uvuvi? Viti, migongo na mito

Hizi boti za faiba za futi 18 mpaka 23 ambazo zimejaa pale Sahare na Deep Sea hapa Tanga zimeundwa kwa ajili ya nyavu, deli la barafu na watu wawili watatu ambao muda mwingi wamesimama au wameinama. Mtu kukaa akatulia hilo halikufikiriwa kabisa. Ndo maana ukimchukua mama watoto na watoto na bi mkubwa siku ya Idd mkaenda zenu kisiwa cha Ulenge, wanarudi wameshika viuno, na safari nyingine ukiwaambia twendeni wanakwambia nenda tu baba, sisi tutakusubiri na samaki.

Mie jambo hili linaniuma kiukweli. Kuna watoto wamezaliwa mita mia mbili kutoka baharini, wamekula samaki maisha yao yote, na hawajawahi kuuona mji wao kutokea majini, na kuna wamama wameolewa na wavuvi miaka na miaka na boti wameishia kuigusa ikiwa imepandishwa mchangani. Na ukiwauliza wengi hawakwambii naogopa maji, wanakwambia pale hapakaliki. Basi hapo ndo pa kuanzia.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tusizungushane: kiti cha familia kwenye boti ya uvuvi kinatakiwa kiwe chini, kiwe na mgongo, na kiweze kutoka. Chini kwa ajili ya usalama, mgongo kwa ajili ya raha, na kutoka kwasababu Jumatatu alfajiri hiyo boti inarudi kazini na hakuna mvuvi atakaekuelewa nyavu zikinasa kwenye siti zako za kifahari.

Sasa vile viti vya plastiki. Naviona kila sikukuu, watu wanabeba vile vya shughulini wanavipanga ndani ya boti, juu ya sakafu ya faiba yenye utelezi wa samaki, halafu wanamkalisha bibi juu yake. Jamani hapana. Kile kiti kina miguu minne myembamba haijashikwa na kitu, wimbi la ubavuni likija boti inalala upande mmoja, kiti kinateleza na mtu anaenda nacho. Na hata kisipoteleza, mtu aliyekaa juu yake kiuno chake kiko karibu sawa na ukingo wa boti, yaani hakuna kinachomzuia asipinduke kwenda nje. Na uzito wote umepanda juu. Boti yenye upana wa futi sita ukiweka watu watano uzito wao ukawa juu inaanza kuyumba kivivu, inalala na inachelewa kurudi, mtu wa bahari akiona boti inachelewa kurudi anajua hapo sio pazuri. Watu wale wale ukiwashusha hata kwa inchi kumi boti inatulia, unaisikia kabisa kwenye mkono wa mashine.

Kipimo changu ni rahisi, mtu akikaa ukingo wa boti umfikie angalau usawa wa kiwiko cha mkono, kwa mtoto umfikie kifuani.

Halafu zile mbao au maboksi ya faiba yanayokingama kutoka ubavu mpaka ubavu. Wapo mafundi watakwambia tukate hili la katikati upate nafasi tuweke makochi. Usikubali. Kwenye boti ya wazi isiyo na dari lile boksi ndo linazishika mbavu mbili zisifunguke wimbi likipiga, ukilikata boti inaanza kucheza na baada ya muda faiba inapasuka kwenye kona. Na boti nyingi za kiwandani ndani ya yale maboksi wamejaza povu gumu, boti ikijaa maji povu ndo linaloifanya isizame moja kwa moja, watu wapate cha kushikilia. Kwahiyo kabla hata hujawaza mto wa kukalia ujue ile siti ngumu unayoichukia ina kazi mbili kubwa za kubeba roho za watu. Iache hapo hapo, tunajenga juu yake.

Kinachochosha watu sio ugumu wa ubao peke yake, ni kukosa mgongo. Boti ikiwa inakwenda, mwili unafanya kazi kila sekunde kujiweka sawa, tumbo na kiuno vinakaza bila mwenyewe kujua, na baada ya nusu saa mtu mzima amechoka vibaya kuliko aliyetembea. Ukimpa mgongo wa kuegemea hata mfupi wa inchi 14 tu, mambo yanabadilika kabisa. Wa kwangu nilichongewa na seremala, fremu ya mvule yenye miguu miwili iliyokatwa kama ndoano, inalipanda lile boksi kwa juu na kulibana mbele na nyuma, chini inafungwa kwa kamba ya manila kupitia pete ya stenlesi. Katikati ya fremu hakuna ubao, kuna turubai lililovutwa ambalo linabonyea kidogo mtu akiegemea. Ubao mtupu kwenye mawimbi unapiga uti wa mgongo, turubai linapokea. Na mgongo usisimame wima, ulaze kidogo nyuma, kidogo tu, ukilaza sana mtu mzee atashindwa kuinuka. Bolti, wosha na skrubu zote ziwe stenlesi, chuma cha kawaida hakichukui muda kinatoa kutu na ile kutu haitoki kwenye nguo ya mtu.

Kwa mtu mzima mwenye magoti, siti iwe kama inchi 16 kutoka sakafuni, chini ya hapo kuinuka ni shughuli. Watoto wao wanakaa vizuri hata kwenye inchi 10, na kusema kweli mahali pazuri kuliko pote kwa mtoto ni sakafuni, juu ya godoro jembamba, mgongo wake kwenye boksi la faiba na miguu amenyoosha. Pale hawezi kuanguka popote. Cha kuangalia ni ngama, maji yanayokusanyika chini lazima yafuliwe kabla hujatandika, na weka kichanja cha mbao chenye mianya ili godoro lisikae moja kwa moja juu ya maji.

Tuje kwenye mito maana hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Sponji la godoro la kawaida, lile unaloliona Ngamiani limepangwa mpaka barabarani, kwenye boti halifai. Lina vitundu vilivyofunguka, linanyonya maji ya chumvi, halikauki, na likinyonya maji yenye damu ya samaki ile harufu ndo imehamia hapo jumla. Hata ukilivisha leza nzito maji yanapita kwenye mshono. Unalolitaka ni povu lenye vitundu vilivyojifunga, gumu kidogo ukilibonyeza, kama la ndala. Tena ndala zenyewe ni ushahidi kwamba hii mali inavumilia bahari, ile mashua ya Flipflopi iliyoundwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa ilivishwa ndala karibu 30,000, ikaingia majini 2018 na mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Zanzibar. Sasa unafanyaje kulipata, yale mazulia ya raba laini ya kuunganisha wanayochezea watoto wadogo, au mikeka ya mazoezi ya mitumba, unakata unapanga matabaka manne matano, unagundisha, unampelekea fundi wa siti za magari anashona foronya. Utapata mto wa inchi mbili hivi ambao haunyonyi, na ukidondoka majini unaelea.

Bi mkubwa alikuja na mto wake wa sufi na nikamwachia kwa roho safi. Watu wanadharau sufi lakini zamani ndo iliyokuwa inajazwa kwenye jaketi za kuokolea maisha huko duniani, ni nyepesi na haipendi maji. Shida yake inagandamana ikikaliwa sana. Kwahiyo mto wa sufi uwe wa mgongoni, kiunoni, na wa raba uwe wa kukalia.

Foronya usichague leza nyeusi! Jua la saa sita pale halikaliki kabisa, watoto wataungua mapaja. Rangi nyepesi, kijivu au maziwa, na upande wa chini mwambie fundi atoboe matundu madogo ya kutolea maji. Kila mto uwe na kamba mbili za kufunga. Ukirudi nyumbani suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni na limau, anika, usiuache ukalala kwenye boti.

Deli nalo ni siti, watu hawalioni hivyo. Deli kubwa la lita 100 likiwa na barafu na soda linapita kilo 60, liko chini, liko katikati, linaisaidia boti kutulia. Weka mto juu, sukumia mgongo wake kwenye boksi, ila LIFUNGWE, mkanda kutoka ubavu mmoja mpaka mwingine, deli lisilofungwa likianza safari yake kwenye wimbi linavunja mguu wa mtu. Na atakaekaa hapo awe mtu asiyechoka kuinuka maana kila dakika kuna mtoto anataka juisi. Binibegi, yale mafuko makubwa ya kukalia yenye punje ndani, nimeona watu wanaulizia, kwa boti ziendazo kasi zinapunguza mshindo kweli, kwa boti ya mashine ya hospawa 15 naona zinakula nafasi tu.

Jaketi za kuokolea zisigeuzwe mito. Ukizikalia lile povu linagandamana na siku ya siku halikubebi. Zivaliwe, kwisha, na za watoto ziwe za watoto zenye mkanda unaopita katikati ya miguu.

Kiti kizuri mahali pabaya bado ni kiti kibaya. Omo, yaani mbele kabisa ya boti, ndo panaporuka na kupiga kuliko pengine kote, watoto wanapapenda na nanga ikiwa imeshushwa waache wakae, lakini boti ikitembea hapana. Sehemu tulivu ni nyuma kidogo ya katikati. Hapo ndo pa bi mkubwa, na ndo pa yule ambae bahari inamlevya, akae ameangalia mbele, macho yaone pale bahari inapokutana na mbingu, sio kuinamia simu. Tezi, yaani nyuma kabisa, kuna moshi wa mashine, hasa hizi za kuchanganya oili, na upepo ukitokea nyuma wote unakuja usoni, kwahiyo hapo anakaa nahodha na mtu mzima mmoja basi. Mjamzito mie simpakii, hata bahari ikiwa shwari, ule mshindo mmoja wa ghafla hauna taarifa.

Na gawa uzito kulia na kushoto kabla hujawasha mashine, halafu waambie watu wote, watoto kwa wakubwa, kwamba mtu akiona pomboo asiinuke na boti nzima isihamie upande mmoja kwenda kuangalia. Pomboo utamuona ukiwa umekaa.

Kivuli ni sehemu ya kiti. Familia ikikaa juani masaa mawili hata ungeweka sofa watachoka. Mabomba manne ya stenlesi au hata mianzi, turubai jepesi juu, kimo kiwe kifupi cha mtu aliyekaa, sio cha mtu aliyesimama, maana kivuli kirefu upepo unakigeuza tanga. Upepo ukizidi kishushwe dakika hiyo hiyo, kwahiyo kifungwe kwa mafundo ya kufunguka kwa mvuto mmoja. Miavuli hapana, inatoboa macho ya watu.

Halafu kupanda. Hili wanaume hatulizungumzii na ndo linalowakatisha tamaa wamama wengi. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yakikupwa pale Sahare yanakwenda mbali, unamtembeza mama mtu mzima na baibui yake kwenye matope na mawe, halafu unamwambia ainue mguu avuke ukingo wa boti unaomfika kiunoni mbele ya kijiwe kizima kinamwangalia. Haipendezi hata kidogo. Panga safari kwa maji, ondoka yakiwa yanajaa na urudi kabla hayajakupwa sana, na tengeneza ngazi ya vidato viwili vitatu tu ya kuning'iniza ubavuni na kishikio cha mkono juu yake. Yangu ni ya mbao imefungwa kamba, haina gharama, na mama watoto anasema kuliko mito yote ile ngazi ndo iliyomfanya akubali.

Majira nayo, miezi ya kusi kali, ule upepo wa kutoka kusini, Juni Julai, hata kiti cha ndege hakitamsaidia mtu, wapumzishe. Subiri kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inapolegea kuelekea Machi, ondokeni asubuhi upepo haujaamka, kisiwa cha Toten kipo hapo hapo ndani ya ghuba, mwendo mfupi wa kuanzia kwa wageni wa bahari, kisha ndo uwazoeshe Ulenge.

Mwisho kabla hujamlipa fundi hela yote, weka kile kiti kwenye boti ikiwa bado iko mchangani, muite huyo huyo atakaekikalia, sio kijana wako wa kazi, akae hapo nusu saa na kikombe chake cha chai, aegemee, ainuke, akae tena. Atakwambia hapa panachoma, hapa ongeza, huu mgongo ushushe, na fundi yupo hapo na msumeno wake anarekebisha.