Abiria wa Ubungo

Mwaka 2015 nilikuwa na miezi minane barabarani na pikipiki ya Boxer ya mkataba, kijiwe chetu Buguruni. Miezi minane ni umri mbaya kwa bodaboda: uoga umekwisha, akili haijaja. Kijiweni tulikuwa na mzee mmoja aliyependa kusema honi ni hodi, si tusi. Tulimcheka. Alikuwa akisimama kwenye taa nyekundu hata saa nane usiku, barabara tupu.

Asubuhi moja nilimpakia mama wa makamo, begi dogo mapajani, anawahi basi la Tanga stendi ya Ubungo.

"Twende taratibu, mwanangu, muda ninao."

"Usijali, mama," nikasema, na papo hapo nikakunja mafuta.

Barabara ya Mandela ni ya malori ya bandarini. Karibu na Tabata Relini daladala likachomoka kituoni, likanichomekea bila indiketa. Nikashika breki zote mbili, helmeti ya mama ikanigonga kisogoni. Tulikuwa salama. Yangeishia hapo kama si mimi kuamua kulifukuza.

Nilitaka nini hasa? Nipige kofi saiti mira yake, nimtukane suka, basi. Nikajipenyeza kulia kwake, kati ya daladala na semi la kontena. Kwa kilomita 60 kwa saa pikipiki inakula karibu mita 17 kila sekunde, na mimi macho yalikuwa kwa yule dereva, naliandaa tusi. Hata sikulitoa. Daladala likahama kulia kumkwepa bodaboda mwenzangu, nafasi ikaisha. Mama kwa hofu akaegemea upande wa semi, pikipiki ikafuata uzito wake. Nikaziona nati za tairi la mbele zikizunguka pembeni ya goti lake.

Ufundi wangu haukufanya kitu pale. Nilisikia breki za upepo, pshii, semi likabaki nyuma, nikaingia mbele yake. Dereva wa semi alikuwa ameshaniona kwenye kioo kabla mimi sijamwona. Honi hakupiga. Alitoa mkono dirishani akaupunga chini chini, kama anayemtuliza mtoto. Na madereva wa malori ndio niliokuwa nikiwasema vibaya kijiweni kila siku.

Tulipofika kituo cha External nikaguswa begani.

"Nishushe hapa."

"Mama, Ubungo hiyo mbele tu. Basi litakuacha."

"Bora liniache."

Akahangaika na kifungo cha helmeti, vidole vinatetemeka. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akanipa elfu tatu, nauli nzima tuliyopatana, wala hakuidai ile ya kipande kilichobaki. Gauni lake, upande wa goti la kulia, lilikuwa na mchirizi mweusi wa uchafu wa tairi. Nadhani alikuwa bado hajauona. Sikumwambia.

Nilikwenda Ubungo bila abiria. Nikauliza basi la Tanga, nikaambiwa bado halijatoka. Nikaegesha ng'ambo ya geti, nauli yake mkononi, nikasubiri. Lilipotoka nililikagua dirisha kwa dirisha. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa.